Mwendesha baiskeli akishukiwa dawa, nani athibitishe?

Jina la mji wetu, Sumbawanga, huelezwa kwa Kifipa kuwa ni “tupa uchawi”. Ukitoka huku ukafika mkoa mwingine, unaanza kutaniwa na kuogopwa kabla hujatua mzigo. Kwa hiyo tunajua kushukiwa kukoje.

Mahakamani, Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa wa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Katika mbio za baiskeli za kulipwa, mzigo unageuka. Dawa iliyokatazwa ikionekana kwenye sampuli, haulizwi kwanza kama alikusudia. Mchezaji ndiye anayetakiwa kujieleza.

Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa kimchezo na Mkenya David Kinjah, aliyapitia hayo. Septemba 7, 2017, akiwa njiani kushinda Vuelta a España, mkojo wake ulikutwa na nanogramu 2,000 za salbutamol kwa mililita. Kiwango cha mwisho ni 1,000. Salbutamol ni ile dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo, na Froome ana pumu. Kwa kuwa inaruhusiwa kwa kipimo, hakusimamishwa, na suala lilishughulikiwa kimya kimya hadi magazeti ya Guardian na Le Monde yalipolifichua Desemba.

Mei 2018 alishinda Giro d'Italia kesi ikiwa bado wazi. Waandaaji wa Tour de France wakataka kumzuia. Julai 2, chama cha baiskeli duniani, UCI, kilifunga kesi baada ya WADA, wasimamizi wa vita dhidi ya dawa michezoni, kukubali kuwa hapakuwa na kosa: alikuwa mgonjwa, aliongeza dozi ndani ya muda mfupi, na mwili wake haukutoa dawa hiyo kwa kiasi kilekile kila siku. Alikwenda Tour, akazomewa, akamaliza wa tatu.

Waliomzomea walikuwa na sababu yao. Lance Armstrong alijitetea miaka mingi kwa vipimo safi, kisha mwaka 2012 akavuliwa mataji yake 7 ya Tour, ushahidi mkubwa ukiwa wa wachezaji wenzake. Lakini Froome hakuwa Armstrong. Tunachokiona kuwa kosa ni kwamba hoja za kitaalamu zilizomsafisha hazikuwekwa wazi zote, na kwa hiyo aliyekuwa akimshuku Desemba aliendelea kumshuku Julai.