Kahawa ya Minova: toka mitumbwi ya usiku hadi ushirika

Kabla ya 2003, mkulima wa kahawa wa Kalehe, Kivu ya Kusini, alikuwa karibu na njia moja tu: kupakia magunia ndani ya mtumbwi usiku na kuvuka Ziwa Kivu kwenda Rwanda. Huko bei ilipangwa na mnunuzi. Wengine walirudi na sabuni ao chumvi badala ya pesa. Wengi walizama, wakaacha wajane.

Mwaka huo Joachim Munganga akaanzisha ushirika wa SOPACDI, huko Minova. Kahawa iliyokaushwa nyumbani bila kuoshwa ilikuwa ya bei ya chini. Ndiyo maana kituo cha kuoshea kilibadilisha mambo kuliko hotuba zote. Wakulima wanaleta matunda mabivu, yanaoshwa pamoja, yanauzwa ng'ambo kwa jina lao. Mwaka wa 2011 ushirika ukapata cheti cha Fairtrade. Wanachama wakafika maelfu, wajane wakiwemo, na watu wa makabila ambayo vita vilikuwa vimeyagombanisha.

Januari 2025 mapigano yakafika Minova. Familia nyingi zikakimbia, mibuni ikabaki shambani, na msimu mkubwa wa kuchuma ulikuwa karibu.