Gunia Limeondoka, Fedha Iko Wapi?

Leo tuweke jembe chini kidogo, tuzungumze historia. Liko swali linaloulizwa kila msimu: "Kahawa yangu nimeipeleka chamani, ikapimwa, ikaondoka. Mbona fedha inakuja vipande vipande?" Swali hilo ni la haki kabisa. Mtoto anadaiwa ada, na dukani daftari limejaa. Lakini jibu lake ni la zamani kuliko ushirika wenyewe, kwa hiyo tuanzie mbali.

Biashara ya ng'ambo ina shida moja kubwa: umbali. Muuzaji yuko huku, mnunuzi yuko kule, na bahari iko katikati. Muuzaji anaogopa kutoa mali kabla hajaona fedha. Mnunuzi naye anaogopa kutoa fedha kabla hajaona mali. Lazima mmoja wao asubiri, ama apatikane mtu wa tatu wa kusubiri kwa niaba yao. Na huyo wa tatu, ndugu zangu, hasubiri bure.

Tazameni Unguja ya karne ya 19. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Meli za wafanyabiashara wa Salem zilileta kitambaa, ndicho hicho wazee wetu walichokiita merikani, nazo zikachukua pembe za ndovu. Lakini pembe zilikuwa bara, mwendo wa miezi mingi kwa miguu. Mwenye msafara hakuwa na fedha ya kununua nguo na shanga za kwenda kubadilishana huko. Alifanyaje? Alikwenda kwa tajiri wa mjini, akapewa bidhaa kwa ahadi ya kulipa akirudi. Watu wa pwani waliita mali kauli, yaani mali iliyotolewa kwa neno la mtu.

Mmoja wa matajiri hao alikuwa Tharia Topan, Mhindi aliyepata pia kusimamia forodha ya Sultani. Kwake alichukua mali Hamed bin Muhammed, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Huyo aliondoka Unguja karibu na mwaka 1870, akarudi mwaka 1882. Miaka 12 hivi! Hebu fikiri, mkulima mwenzangu, kumsubiri mdeni miaka 12. Ndiyo maana bidhaa za mali kauli zilikuwa ghali: bei ya kusubiri ilikuwa ndani yake. Na ili deni lilipike, pembe zilitafutwa kwa biashara na kwa vita, na watu wakakamatwa utumwa. Waliolipia zaidi hawakuwa na sauti katika mapatano yale.

Baadaye zikaja benki, na karatasi ikachukua nafasi ya neno. Mnunuzi wa Hamburg, kwa mfano, huiomba benki yake itoe barua ya dhamana. Barua hiyo humwambia muuzaji: lete hati ya shehena kuonyesha mzigo umepakiwa melini, lete ankara, lete cheti cha uzito na ubora, nasi tutakulipa. Mwaka 1933 Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, chenye makao Paris, kilitoa kanuni za barua hizo. Kanuni hizo zimerekebishwa mara kadhaa. Zinazofuatwa sasa zilianza tarehe 1 Julai 2007, nazo huipa benki siku 5 za kazi kukagua hati. Lakini angalieni jambo moja: benki hukagua karatasi, haifungui magunia. Kahawa ikiwa safi na hati ikawa na kosa, malipo yanaweza kukwama.

Ziko njia nyingine pia. Mnunuzi aweza kulipa kabla, na hapo muuzaji amestarehe. Aweza kulipa benki ili akabidhiwe hati, ndipo achukue mzigo. Au mzigo hutumwa kwanza, fedha ifuate baada ya siku 30, 60 au 90. Hii ya mwisho, mkiitazama vizuri, ni ile ile mali kauli ya Unguja, ila imevaa tai.

Sasa turudi shambani. Wachaga wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuata chama kikuu, KNCU. Mpango wa ushirika ulikuwa huu: mkulima alipwe sehemu anapoleta kahawa, na sehemu nyingine ikisha kuuzwa. Malipo ya kwanza mara nyingi hutoka katika mkopo wa benki, nao mkopo una riba, na riba hiyo hukatwa katika kahawa yako. Kwa hiyo hata ukishika fedha mapema, yupo anayesubiri, na wewe ndiwe unayemlipa.

Mambo hayo yasipoelezwa, huzaa moto. Mwaka 1937 kulitokea ghasia Kilimanjaro. Bei ilikuwa imeanguka na wakulima wakalazimishwa kuuza kupitia KNCU peke yake. Mwaka 2005 Tanzania ilipata sheria ya stakabadhi ghalani, ili mazao yaliyo ghalani yaweze kuwa dhamana ya mkopo. Mpango ni mzuri. Hata hivyo, mwaka 2013 huko Liwale wakulima wa korosho walichoma nyumba, maana malipo ya pili yalikuja pungufu ya walivyotazamia.

Basi tujifunze nini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye mkutano wa chama usiulize bei tu. Uliza: malipo ya kwanza yametoka wapi? Riba ni kiasi gani, na kwa miezi mingapi? Mnunuzi atalipa kwa njia gani, na lini? Makato ni yapi? Tunza stakabadhi yako kama unavyotunza mbegu. Kusubiri hatuwezi kukuondoa katika biashara ya ng'ambo, lakini anayesubiri ana haki ya kujua anasubiri nini, na kwa gharama ya nani.