Poka ya kiwango maalumu: lini kuweka dau, lini kupandisha, lini kupita

Mwezi Januari mwaka 2015, watafiti wakiongozwa na Michael Bowling wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza katika jarida la Science kwamba programu yao ya kompyuta, Cepheus, imeukaribia mno ukamilifu katika poka ya Texas Hold'em ya watu wawili yenye kiwango maalumu cha dau. Kwa siku 68, kompyuta zenye jumla ya vichakato 4,800 zilichezeana zenyewe kwa zenyewe, huku programu ikijutia kila uamuzi mbaya na kuurekebisha. Matokeo yake yalitoa fursa adimu ya kupima kwa hesabu yale ambayo wachezaji walikuwa wakiyajua kwa mazoea tu.

Makala haya yanaeleza hesabu hiyo, pamoja na mipaka yake.

Kanuni za mchezo

Kila mchezaji hupewa karata mbili zilizofunikwa. Kisha karata tano za wote huwekwa wazi mezani: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, na hatimaye nyingine moja. Hivyo kuna duru nne za kuweka dau. Katika duru mbili za mwanzo huwekwa dau dogo, tuseme shilingi 100, na katika mbili za mwisho dau kubwa, ambalo ni maradufu, yaani shilingi 200. Hakuna ruhusa ya kuweka zaidi ya kiwango hicho kwa mara moja, na kwa kawaida kila duru huwa na dau moja na nyongeza tatu tu.

Zamu ikimfikia, mchezaji anaweza kupita bila kuweka kitu, iwapo hakuna aliyetangulia kuweka. Dau likishawekwa, anaweza kulilipia, kulipandisha au kujitoa.

Bei ya kuendelea

Kwa kuwa dau halibadiliki, swali la msingi ni uwiano kati ya malipo na fungu, yaani jumla ya fedha zilizokwisha kuwekwa mezani. Tuseme fungu lina shilingi 800 baada ya karata ya nne, na mpinzani anaweka 200. Sasa unatakiwa kulipa 200 ili kuwania 1,000. Ukishinda mara moja katika kila mara sita, hupati wala hupotezi.

Iwapo unazo karata nne za kopa na unasubiri ya tano, zimebaki kopa tisa kati ya karata 46 usizoziona. Hiyo ni takriban asilimia 20, hivyo kulipia kuna faida. Lakini ikiwa ni karata nne tu zinazoweza kukuokoa, uwezekano unashuka hadi karibu asilimia 9, na busara ni kujitoa, hata kama moyo unasema vingine.

Kuweka dau ili ulipwe

Kosa la kawaida ni kuamini kwamba karata nzuri inatosha kuwa sababu ya kuweka dau. Baada ya karata ya mwisho, anayecheza wa pili anapaswa kujiuliza: mpinzani akilipia, je, nitashinda zaidi ya nusu ya mara hizo? Karata ambazo mpinzani angezitupa hazihesabiwi hapa, kwa maana hazitaongeza kitu katika fungu.

Chukua mfano wa mchezaji mwenye jozi ya ree, ilhali mezani kuna kopa nne na yeye hana hata moja. Bado anaweza kuwa mbele, lakini wenye karata hafifu watajitoa, na wengi watakaolipia watakuwa na kopa. Hapo kupita ndiyo hekima: fungu lililopo ataliwania vilevile, bila kumnunulia mpinzani nafasi ya kupandisha.

Kupandisha nako kuna malengo zaidi ya moja. Mwenye karata kali aliye wa kwanza kucheza anaweza kupita makusudi, amwache mpinzani aweke dau, kisha alipandishe. Naye anayecheza wa mwisho akisubiri karata ya kumkamilisha anaweza kupandisha wakati dau bado ni dogo. Mpinzani akiingiwa na hofu na kupita katika duru inayofuata, naye atapita, aione karata ya mwisho bure. Ametumia shilingi 100 za ziada kuepuka kulipa 200.

Hila na kipimo chake

Fungu likiwa na shilingi 1,000 mwishoni, dau la hila la 200 lina faida ikiwa mpinzani atajitoa zaidi ya mara moja katika kila mara sita. Kwa upande wa pili, anayelipa 200 huwania 1,200, hivyo anahitaji kushinda mara moja tu katika saba. Ndiyo maana katika mchezo huu kujitoa mwishoni kwa woga, fungu likiwa kubwa, huwa ghali kuliko kulipia na kushindwa.

Cepheus ilithibitisha baadhi ya mazoea na kukanusha mengine. Kama mgawaji wa karata, ambaye ndiye huanza duru ya kwanza, karibu kila mara ilipandisha au kujitoa. Kulipia tu ilifanya kwa nadra mno. Lakini hata ikiwa na jozi ya ree, karata bora kuliko zote mwanzoni, haikufikia nyongeza ya mwisho ya duru hiyo hata mara moja katika kila mara 10,000. Ilichagua kulipia na kuficha nguvu zake.

Mipaka ya ustadi

Watafiti walikadiria kwamba mtu angeweza kucheza mikono 200 kwa saa, saa 12 kila siku kwa miaka 70, na bado asiwe na uhakika kuwa ameishinda programu hiyo. Hata hivyo, Cepheus hushindwa mikono mingi. Ukamilifu wake maana yake ni kutokuwa na udhaifu wa kutumiwa na mpinzani kwa muda mrefu.

Faida ya mgawaji baina ya wachezaji wawili kamili ni takriban sehemu 88 kwa 1,000 za dau dogo kwa kila mkono, yaani chini ya shilingi 9 katika mfano wetu, na zamu ya kugawa hubadilishana. Nyumba za kamari nazo hukata ada katika fungu. Kwa hiyo wachezaji wawili wenye ustadi sawa, hata wakiwa hawakosei kamwe, wote wawili watapoteza kadiri wanavyozidi kucheza. Hesabu humfundisha mchezaji kuamua vyema mezani. Na ni hesabu hiyohiyo inayomwonya kabla hajaketi.