Mwaka Mmoja wa Malkia, na Saini Iliyobaki Kilosa

Ukitoka Dumila kwenda Kilosa, kabla hujafika Rudewa, unapita Msowero. Hapa ndipo Mjerumani Carl Peters alipofika Novemba 1884, wiki chache tu baada ya kutua Zanzibar, akamsainisha mtawala Mangungo karatasi iliyodai kwamba ameikabidhi nchi yake yote kwa chama cha ukoloni cha Wajerumani. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi, na nchi hiyo, Usagara, ikahesabika kuwa ya Ujerumani.

Shuleni jina la Mangungo tulifundishwa kama jina la mjinga aliyeuza nchi, na mpaka leo mkataba mbovu ukisainiwa ndiye anayetajwa. Nadhani tumemwonea. Ardhi ya Usagara ilikuwa ya koo, haikuwa mali ya mtu mmoja ya kutoa. Peters ndiye aliyehitaji mtu mmoja ambaye saini yake ingehesabiwa kuwa saini ya nchi nzima, na alipomkosa akamtengeneza.

Saini hiyo ya nchi nzima ikapita mikono mingi: Wajerumani, kisha Waingereza na magavana wao. Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961 haikuingia mara moja mikononi mwa Mtanganyika. Vijana wengi hushangaa wakiambiwa kwamba kwa miezi kumi na miwili baada ya uhuru Tanganyika ilikuwa bado ufalme. Mkuu wetu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili. Picha yake ilikuwa kwenye noti, na mashtaka ya jinai yalifunguliwa kwa jina lake. Hapa nchini aliwakilishwa na Sir Richard Turnbull, aliyelala gavana akaamka Gavana Mkuu.

Lakini kazi yake ilikuwa imegeuka kabisa. Gavana wa jana aliamua. Gavana Mkuu alishauriwa. Katika ufalme wa kikatiba waziri mkuu na baraza lake ndio wanaoamua, kisha mkuu wa nchi anatia saini, naye hubeba heshima ya dola bila kubeba uamuzi wake. Tarehe 22 Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge upya chama chake cha TANU vijijini, na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Turnbull hakuwa na la kuchagua. Miaka mitatu nyuma serikali nzima ilikuwa chini yake. Sasa alithibitisha kile ambacho TANU ilikuwa imekwisha kukiamua.

Mpangilio huo una hekima yake, ila kwetu ulikuwa vazi lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Mwanakijiji wa Kimamba, Kilosa, angeelezwaje kwamba Nyerere ameleta uhuru, lakini mwenye nchi ni mama aliyeko London? Serikali ya Kawawa ilipendekeza jamhuri mwaka huohuo. Katika uchaguzi wa Rais wa Novemba 1962 Nyerere alimshinda mpinzani wake Zuberi Mtemvu kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura, na tarehe 9 Desemba akaapishwa kuwa Rais. Mahakamani "Malkia dhidi ya" ikawa "Jamhuri dhidi ya". Elizabeth mwenyewe alikuja Tanzania mwaka 1979, akiwa mgeni wa Nyerere.

Zanzibar nayo ilikuwa na ufalme wa kikatiba chini ya Sultani Jamshid. Ulidumu mwezi mmoja na siku chache tu, kuanzia Desemba 1963 hadi mapinduzi ya Januari 12, 1964.

Jambo ambalo hatulizungumzi vya kutosha ni kwamba bara halikuiondoa saini ya mfalme. Liliiunganisha na uamuzi wa waziri mkuu, vyote viwili vikaingia kwa mtu mmoja. Tangu 1923 sheria ya ardhi ilikuwa imeiweka ardhi ya umma chini ya Gavana. Jamhuri ilipozaliwa, mahali pa Gavana akaandikwa Rais. Sheria ya hifadhi za taifa ya 1959 nayo ilimpa Gavana uwezo wa kutangaza hifadhi kwa ridhaa ya baraza la kutunga sheria. Mikumi ilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1964, uwezo huo ulikuwa wa Rais, kwa ridhaa ya Bunge. Abiria wa basi la Iringa anayechungulia dirishani kuwatazama tembo na twiga anapita katikati ya uamuzi huo.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Nalipenda neno mdhamini, kwa sababu mdhamini ana wa kumjibu. Kilosa ndiko linakopimwa kila mwaka. Mashamba makubwa, mengi yakiwa ya mkonge uliokufa zamani, yamegeuka vichaka huku wakulima na wafugaji wakigombea ardhi pembeni mwake, mara nyingine hadi damu kumwagika. Halmashauri inaweza kulalamika, waziri anaweza kupendekeza, lakini anayefuta hati ni Rais peke yake. Mashamba kadhaa ya wilaya hii yamekwisha kufutwa hivyo. Baada ya hapo linabaki swali la nani agawiwe ekari zipi, na hilo huamuliwa kwenye vikao vya kijiji na wilaya, ambako mama mwenye jembe hana budi kwenda mwenyewe na kuhakikisha jina lake limeandikwa.