Redio ao MP3? Historia fupi ya muziki wa mkononi, na swali la mama mmoja wa Birere

Wiki iliyopita mama mmoja aliyehama kutoka Masisi alinisimamisha Birere, mbele ya meza ya muuza vyombo. Mkononi alikuwa na franka alizokusanya kwa kufua nguo za watu. Mezani kulikuwa MP3 ndogo yenye kioo cha kupendeza, na redio nyeusi yenye antena na tundu la kadi. Bei zilikaribiana. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe ni mtu wa redio. Kijana wangu anataka hii ya nyimbo. Nichukue gani?"

Ili kumjibu vizuri, sherti turudi nyuma kidogo.

Zamani muziki haukubebwa mfukoni. Tangu 1948 nyumba ya Ngoma, iliyoanzishwa na wafanyabiashara Wagiriki huko Léopoldville, ilitoa sahani za santuri, na mwenye gramafoni ndiye aliyekusanya mtaa nyumbani kwake. Mwanzo wa miaka ya 1950 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, leo Likasi, akipiga gita na kuimba kwa Kiswahili. 

Transista, iliyovumbuliwa Marekani 1947, ndiyo iliyofanya redio iwe ndogo na itumie umeme kidogo wa mawe. Mwaka 1963 Philips ilileta kaseti, na 1979 Sony ikatoa Walkman: sasa mtu mmoja aliweza kusikiliza peke yake akitembea.

Kisha wahandisi wa Ujerumani wakapata njia ya kupunguza ukubwa wa wimbo ndani ya kompyuta. Jina MP3 lilianza kutumika 1995. Mwaka 1998 Korea Kusini ilitoa MPMan, yenye megabaiti 32 tu, karibu nyimbo nane. Mwaka 2001 ikaja iPod ya Apple yenye gigabaiti 5, na ilitangazwa kwamba inabeba nyimbo 1000. Baadaye telefone zikameza kazi hiyo, na 2022 Apple ikasimamisha iPod.

Sisi wa Kivu tumo ndani ya historia hiyo. Koltani inayochimbwa Rubaya hutoa tantalamu, inayotumika katika vipande vidogo vya telefone na kompyuta. Watu waliokimbia vilima hivyo wanarudi kununua, kwa bei ya juu, vyombo vilivyohitaji mawe ya kwao.

Lakini hapa Goma historia imetufunza jambo lingine. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilipopasua mji, nilikuwa mtoto. Papa aliacha kaseti zake zote nyumbani, akabeba redio kwapani. Lava ilichukua nyumba na kaseti. Kule Gisenyi tulilala nje pamoja na familia nyingine, na jioni watu wasiotujua walikaa karibu nasi juu ya ile redio: walitaka kujua kama mtaa wao umesalia. Wiki chache baadaye, tarehe 25 mwezi wa pili, Radio Okapi ilianza kusikika katika nchi yetu.

Mlima ulirudia tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Siku tano baadaye, asubuhi mapema, gavana wa kijeshi aliamuru kata 10 kati ya 18 za mji zihame. Jirani yangu mmoja alikuwa amelala na nyimbo masikioni. Aliamka akakuta barabara imejaa watu wenye magodoro kichwani, na hakujua wanakwenda wapi, Sake ao Gisenyi.

Kwa hiyo nilimwambia yule mama: chukua yenye redio. Muziki hautapotea, utaingia kwa kadi. Kwa wengine wenye swali kama lake, angalieni haya kabla ya kulipa:

Kwanza, iwe na FM na antena yake. Telefone nyingi zinatumia waya za masikio kama antena. Waya ikikatika, redio imekwisha.

Pili, betri itoke na ipatikane sokoni. Redio nyingi ndogo zinatumia betri ile ya telefone za zamani za Nokia, BL-5C. Betri iliyofungiwa ndani ikifa, chombo kizima kimekufa. Kama mnapoishi hakuna umeme, tafuteni yenye kukubali pia mawe ao sola.

Tatu, pimeni kadi. Wimbo wa dakika nne ni karibu megabaiti nne, basi kadi ya kweli ya gigabaiti 8 inabeba karibu nyimbo 2000. Kuna kadi zimeandikwa 32 na hazifiki hapo. Mwambie kijana anayejaza nyimbo aijaze mpaka mwisho, kisha usikilize nyimbo kadhaa, za mwanzo na za mwisho, mbele yake.

Nne, msiweke nyimbo tu. Kwa telefone ya kurekodi, chukueni sauti ya bibi akitaja majina ya ukoo na ya kijiji, kisha muiweke kwa kadi mbili, kila moja mkononi mwa mtu wake. Nyumba yetu ya 2002 ilijengwa tena. Kaseti moja ilikuwa na sauti ya babu yangu, na hiyo hatukuipata tena.

Mama alinunua redio. Kijana wake alinuna mpaka muuzaji alipoingiza kadi na muziki ukatoka. Mama akamwambia aupunguze kwanza, ajaribu kutafuta habari za Masisi.