Stesheni ya Bububu na Njia ya Mazao Yetu

Kila gari lichukualo mazao yetu kutoka Kiwengwa kwenda mjini hupita Kinyasini na Mahonda, kisha Bububu. Hapo Bububu ndipo ulipokuwa mwisho wa reli ya Unguja, na vijana wengi wa chama chetu hawajui ya kuwa gari la moshi lilipata kufika hapo. Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya ushirika wetu tumeona yafaa kuieleza habari ya stesheni hiyo, kwani mkutano mkuu utakaokuja utaamua kama tununue lori letu wenyewe, na habari hii ina la kutufunza.

Reli haikuwa ngeni Unguja. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alijenga reli ndogo kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani, upande wa kusini. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha ikaletwa injini ya moshi kutoka Uingereza. Hayo yote yalitendeka kabla ya kuanzwa reli ya Mombasa mwaka 1896. Lakini reli ile ilikuwa ya Sultani peke yake, na alipofariki nayo ikafa.

Reli ya pili ndiyo ya Bububu. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney ya New York, ikafunguliwa mwaka 1905. Ilianzia karibu na Ngome Kongwe, ikapenya vichochoro vya mjini, ukuta huku na ukuta huku, kisha ikaelekea kaskazini mpaka Bububu, mwendo wa maili saba. Mwaka 1911 Serikali iliinunua.

Wako wasemao ya kuwa jina la Bububu lilitokana na mlio wa gari hilo. Hadithi hiyo ni tamu, lakini si kweli. Sayyida Salme binti Said alikwisha kuitaja Bububu katika kitabu cha maisha yake kilichopigwa chapa mwaka 1886, kabla ya pau za reli hiyo kulazwa.

Wasafiri walilifurahia gari, lakini waliokaa kando ya njia walikuwa na manung'uniko. Cheche za injini ziliunguza nguo, mazao, hata nyumba, kwani makuti na cheche havikai pamoja. Njia ilipita karibu na mashamba yao, lakini haikuwa mali yao: kwanza ilikuwa ya kampuni, kisha ya Serikali.

Basi kilichoiua ni nini? Ni barabara. Motokaa humfuata abiria mlangoni kwake, na reli hungoja afuatwe yeye. Mwaka 1922 gari la abiria lilikoma. Reli ikabaki kuchukua mawe ya kujazia pwani ya bandari, na miaka michache baadaye kazi hiyo nayo ikesha. Haikupata kamwe kuvuka Bububu kuja huku kwetu mashariki. Wazee wetu wa Kiwengwa waliendelea kupeleka nazi na samaki wao kwa miguu, kwa punda na kwa vyombo vya baharini.

Sisi tumelipa nauli ya magari ya watu kwa miaka kumi, na kila mwenye kuvuna mwani ajua nauli hiyo hula kiasi gani cha jasho lake. Kwa hiyo twaona haja ya lori ni ya kweli. Lakini tusiseme kwamba chombo kikiwa chetu basi taabu imekwisha. Reli ya Chukwani ilikuwa na mwenyewe, ikafa. Ya Bububu ilikuwa na wenyewe, ikafa pia. Chombo huishi maadamu kinawafaa watu kila siku, na maadamu fedha ya matengenezo imewekwa kabla hakijaharibika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Yatupasa basi kila mwanachama aje mkutanoni, aulize hesabu, aseme aonavyo. Waliounguliwa mazao kando ya reli ile hawakuwa na mkutano wa kusemea. Sisi tunao, tusiuache kiti wazi.