Chokaa Haina Haraka

Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, maandishi ya Kikufi kwenye mihrabu yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia. Yamechongwa kwenye matumbawe, na kingo za herufi bado ni kali. Nilifundisha kemia katika skuli za Unguja mpaka nikastaafu, na kila nikifika mada ya kaboneti niliwauliza wanafunzi jiwe lile lilichongwaje. Wengi walidhani fundi alikuwa na chuma cha ajabu. Hakuwa nacho. Matumbawe yakitolewa baharini yangali mabichi hukubali tezo bila ubishi. Yakishakauka hukaza, na hapo tena hayachezewi.

Matumbawe hayo yaliwekwa kwa nakshi. Kuta za majumba ya Mji Mkongwe zilijengwa zaidi kwa mawe ya nchi kavu, yale ya maweni, ambayo zamani sana nayo yalikuwa mwamba wa baharini. Mpe mkemia kipande cha kila aina, atakwambia vyote ni kalsiamu kaboneti. Amesema kweli, lakini hajamaliza. Ndani ya kaboneti, atomu moja ya kaboni imeshikana na tatu za oksijeni kwa kuchangia elektroni, na kundi hilo ni bapa, la pembe tatu. Makundi haya yana chaji hasi, kalsiamu ina chaji chanya, na mvutano wao ndio unaolifanya jiwe liwe jiwe. Hujipanga kwa njia zaidi ya moja. Mdudu wa tumbawe hujenga aragonaiti, ambamo kila kalsiamu imezungukwa na oksijeni 9. Katika kalsaiti huzungukwa na 6 tu, na mpango umelegea kidogo: sentimita moja ya ujazo ina gramu 2.7, wakati ya aragonaiti ina 2.9. Maji ya mvua yakipenya mwambani kwa maelfu ya miaka, aragonaiti hugeuka kalsaiti. Wachoma chokaa waliyafanya mageuzi hayo kwa njia ya mkato.

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mwashi, na utotoni nilifuatana naye kwenda kununua chokaa mashamba. Tanuri lenyewe halikuwa jengo. Magogo yalilazwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati pakaachwa tundu. Mawe yalirundikwa juu yake, kisha moto ukatumbukizwa tunduni ili uanzie moyoni kuelekea pembezoni. Joto lilitakiwa lifike kama nyuzi 900 za Selsiasi, na hakuna aliyekuwa na kipimo. Walitazama rangi ya moto na kuuogopa upepo, maana upepo ukielemea upande mmoja, upande wa pili hauivi.

Jiwe likitoka motoni umbo lake ni lile lile, hata vitundu vya tumbawe unaviona. Ila ukilishika, mkono unashangaa: limekuwa jepesi. Katika kila kilo 100 za jiwe safi, 44 zimeondoka zikiwa kabonidayoksaidi, zimebaki 56. Ami alilinyunyizia maji akatega sikio. Lililoiva hulia, hupasuka, hufuka mvuke na kumwagika unga. "Lisilolia litupe, mwanangu. Hilo ndani bado jiwe." Kabla ya kazi alijipaka mafuta ya nazi mikononi, kwa sababu chokaa mbichi hula ngozi. Chokaa hiyo hiyo ikishatulia ndiyo bibi aliyoipaka kwenye tambuu yake, na wekundu wa mate hutoka pale ukali wake unapokutana na popoo.

Ikishalowekwa shimoni kwa wiki nyingi, ikachanganywa na mchanga usio wa pwani na kuingia ukutani, chokaa huanza kudai ilichopokonywa. Huvuta kabonidayoksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa kaboneti, na safari hii, hata kama ilitokana na matumbawe mabichi, huwa kalsaiti. Hewa huingia polepole, kutoka nje kwenda ndani, na ukuta wenye unene wa nusu mita huchukua miaka. Isitoshe, gesi hiyo lazima iyeyuke kwanza kwenye unyevu. Chokaa ikikaushwa na jua upesi hubaki unga. Ndiyo maana waashi waliufunika ukuta mpya kwa makuti, wakaurashia maji, wakajenga kwa hatua na kuuacha ushike kabla ya kupandisha tena.

Sakafu ya juu ya nyumba ilikuwa na taabu yake. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa chumba, kiasi cha mita 3, na juu yake yaliwekwa mawe na chokaa. Safu za watu zilipiga mchanganyiko huo kwa vijiti, siku baada ya siku, kwa nyimbo, ili maji yasukumwe nje na nyufa zizibwe kadiri zinavyotokea. Wageni wa karne ya 19 walizisifu nyimbo zile. Wengi wa waliopiga walikuwa watumwa, na sipendi kazi ile isimuliwe kama ngoma ya harusi.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana mahali pale. Msimamizi alikuwa Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu na ambaye wasomi wa Kiswahili wanamjua kwa vitabu vyake vya lugha. Paa alilijenga kwa upinde, kwa kokoto za mawe ya matumbawe na saruji ya Portland. Walikuwepo waliosema litaanguka. Bado liko. Kwa saruji, jiwe la chokaa huchomwa pamoja na udongo wa mfinyanzi kwa joto la kama nyuzi 1,450, na kinachotoka zaidi ni silikati za kalsiamu. Hizi hazingoji hewa; huungana na maji yenyewe, hata chini ya bahari, na kuotesha nyuzi ndogo mno zinazosukana na kubana. Kwa paa linalotakiwa kuwa kipande kimoja, Steere alichagua vizuri.

Balaa lilikuja saruji ilipopakwa kwenye kuta za chokaa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yalichukuliwa na serikali, mapaa yakavuja, na lipu ya saruji ikawa dawa ya kila ufa. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa na chumvi. Chokaa huuachia utoke. Saruji huuzuia, chumvi inaganda nyuma ya lipu, fuwele zinakua na kusukuma mpaka lipu inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Maji yakikosa njia hupanda juu zaidi, mpaka kwenye ncha za boriti.

Mji Mkongwe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ukarabati wa chokaa umepata heshima. Mtoto wa ami sasa ndiye mwashi, na juzi nilimkuta mtaa wa Kiponda akibandua lipu ya fundi mmoja wa zamani. Nyuma yake chumvi ilichuruzika nyeupe, na ncha ya boriti ilivunjika kwa kidole. Mwenye nyumba anataka kuhamia kabla ya Ramadhani, kwa hiyo binamu yangu anatia koleo moja la saruji kwenye chokaa ili ishike mapema. Namwambia saruji hiyo inaingia na chumvi zake, ukuta ule umeshashiba chumvi. Ananijibu, "Kaka, kemia yako hailipwi kwa siku." Koleo bado analitia.